Kitrekta cha Unguja

Tuliuza maksai kwanza, ndipo tukapiga simu kuulizia trekta. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila mtu aliyenihoji tangu nirudi huanza na swali la trekta, wakati ujinga ulianza kwenye maksai.

Sisi wa Endasak tunalima mahindi na maharage kwenye mteremko wa Hanang, katika vishamba vyembamba vilivyotenganishwa na ua wa minyaa. Kikundi chetu cha wakulima kina kaya ishirini na kitu, na mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko, si akili. Lakini mwaka huu nilisimama kikaoni nikasema enzi ya kukimbizana na ng'ombe shambani imepita, tutafute trekta dogo la kuzunguka kwa zamu, na kwa bahati mbaya watu wakanisikiliza. Hata mwenyekiti wetu, Mzee Margwe, alikubali kuwatoa maksai wake wawili, Samli na Mawingu. Siku ya mnada aliwashika pembe mpaka lori lilipowashwa.

Shemeji yangu anayefanya kazi ya ujenzi Unguja akatupa namba ya mtu anayeitwa Maalim Haji. Niliweka simu kwenye spika ili kikao chote kisikie.

"Nna kitrekta changu hapa, kimekaa tu," Maalim alisema kwa sauti ya upole. "Nilikileta kwa ajili ya mpunga, mpunga wenyewe haukwenda. Kizima kabisa."

Kitrekta. Kikao kizima kilitabasamu. Picha aliyotuma ilionyesha trekta jekundu limesimama peke yake kwenye uwanja mtupu. Bibi Ana, mke wa Mzee Margwe, aliitazama sana akauliza mbona halina kitu pembeni cha kulilinganisha. Nilimjibu kwamba kwenye picha hata mlima Hanang unaingia mfukoni. Watu walicheka, nami nikaona nimesema jambo la maana. Tukalipa bei aliyotaja, ya chini kwa vile kimekaa tu, tukaongea na mwenye Fuso ya vitunguu inayorudi tupu kutoka Dar, na mimi na Mzee Margwe tukaaga kwa safari ya siku nne. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukaa kileleni. Mvua ikinyesha kabla hatujarudi, kaya zote zile zingelima kwa jembe la mkono, na kila jembe lingetaja jina langu.

UNGUJA, SIKU YA PILI. Mzee Margwe alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alivuka akiwa amevaa koti lake la kanisani, ameshika kiti kwa mikono miwili, na tulipofika nilimwuliza ameionaje. Alisema ni maji mengi yasiyo na kazi.

Maalim Haji alitupokea bandarini mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kanzu safi. "Karibuni kibandani kwangu mpate kichai," alisema.

Kibanda kilikuwa na ghorofa tatu. Tulipanda ngazi, tukapumzika, tukapanda tena. Mzee alikuwa anahema. Kichai kilikuwa sinia la pilau, kuku wawili, samaki ambaye mkia wake ulining'inia nje ya sahani, maembe, halafu mwisho kabisa, chai. Nilianza kulikumbuka lile neno lake la kwenye simu na kulipima upya.

"Maalim," nikasema, "kile kitrekta..."

"Ah, kipo. Twende mkakione, ni kihatua kimoja tu."

Tulitembea karibu saa nzima.

Sitaki kulieleza lile trekta kwa maneno mengi. Gurudumu lake lilikuwa refu kuliko mimi. Kufika kwenye kiti ulipanda vidato sita, na ukiwa juu ungeweza kuona mapaa ya maghala ya bandari. Nilisimama chini yake na bahasha yangu ya kaki ya kikundi, nikajisikia kama mtu aliyeagiza kitoto cha mbwa akaletewa tembo. Nilimgeukia Maalim nikamwambia kwamba sisi tulitaka kitu kidogo.

Alishangaa kwelikweli. "Sasa ndugu yangu, ningesema nna trekta kubwa, si ningekuwa najisifu?"

Nilipanga kukataa. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Lakini nilipomtafuta mwenyekiti wangu anipe nguvu, sikumwona. Alikuwa amepanda. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti, mikono kwenye usukani, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, akitazama mbele.

"Mzee, shuka tuzungumze," nikamwita.

"Zungumza tu, nakusikia."

Nikamweleza yote: vishamba, minyaa, njia nyembamba ya kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tuondoke nalo," na hakushuka mpaka jioni. Mwenyekiti akishasema, katibu huandika. Maalim mwenyewe akaiandika hati ya mauziano, na mahali pa bidhaa akaweka: kitrekta kimoja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

DAR ES SALAAM, SIKU YA TANO. Meli ya mizigo ilitushusha, na mwenye Fuso alikuja, akalitazama trekta, akaitazama Fuso yake, akaondoka bila kuaga. Ikabidi nimpigie Shabani. Huyu ni kijana wa Katesh, baba yake ana duka la nguo pale karibu na stendi, na yeye anaendesha lobedi, lile tela refu lililolala chini la kubebea magreda. Alikuwa amepeleka greda bovu Dar na anarudi na tela tupu. Alikuja, akazunguka trekta mara mbili.

"Katibu," aliniuliza taratibu, "hili mnaenda kulimia nini?"

"Maharage," nikasema.

Hakuuliza tena. Kwa vile mzigo ulizidi upana unaoruhusiwa barabarani, tulitakiwa tuwe na kibali, tusafiri mchana tu, na gari dogo litangulie na bendera nyekundu kuwatahadharisha wanaokuja. Tukakodi pikapu, nikakaa ndani yake na bendera. Mzee Margwe alikataa pikapu. Alisema atakaa na Shabani, mahali ambapo angeweza kugeuka nyuma akaliangalia.

MIZANI, SIKU YA SITA. Kwenye mizani ya magari mkaguzi alisoma hati yetu, akatazama mzigo, akasoma tena.

"Kitrekta kiko wapi?"

"Ndicho hicho, mkuu."

"Hilo ni trekta. Hapa pameandikwa kitrekta kimoja. Mimi nataka kuona kitrekta."

Nilimwambia ni kitu kilekile. Alinijibu kwa utulivu kwamba kama ni kitu kilekile basi pangeandikwa kilekile. Akazunguka lobedi. Akainama akachungulia chini ya trekta. Akamwomba Shabani afungue chumba cha dereva cha trekta kule juu, maana huenda kitrekta kilikuwa ndani. Shabani alifungua. Nyuma yetu malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye kona, na madereva wameshuka kuja kutusaidia kukitafuta.

Mzee Margwe ndiye aliyetuokoa. "Kijana wangu," alimwambia mkaguzi, "aliyeandika ni mtu wa Unguja. Alitukaribisha kibandani kwake, tukapanda ngazi mpaka magoti yakalia."

Mkaguzi akaomba namba ya muuzaji, akapiga. Tulimsikia Maalim akisema naam, ni hicho kitrekta chake, na kama hawana haraka wapite siku moja wanywe kichai. Mkaguzi alikata simu, akafikiri, kisha akachukua kalamu na kuongeza neno moja kwenye kila nakala. Alipotukabidhi zetu, nilisoma: kitrekta kikubwa. Tukaruhusiwa kwenda.

BAADA YA MANYONI, SIKU YA NANE. Tulipita Morogoro na Dodoma kwa mwendo wa kobe, tukapanda mlima wa Saranda huku magari yote ya Kanda ya Ziwa yakitulaani kwa honi. Asubuhi hiyo, mahali ambapo sikulijua jina, tulikuta watu wamejipanga barabarani, akina mama wanapiga vigelegele. Taa ya manjano inayozunguka, bendera nyekundu, pikapu mbele: walidhani ni msafara wa kiongozi na trekta alilowaahidi. Mtendaji wao wa kijiji alifungua mlango wa lobedi, akamwona mzee mwenye koti, akampa shikamoo na kumwomba aseme neno.

Nilishuka mbio kwenda kueleza. Nilichelewa. Mzee Margwe alikuwa ameshasimama kwenye kidato.

"Nawashukuru kwa mapokezi," alisema. "Trekta hili si langu kuwapa. Nami nilikuwa na maksai wawili, sasa sina. Tunapita tu. Limeni mapema."

Walimshangilia kuliko nilivyowahi kuona kiongozi akishangiliwa. Wakampa jogoo. Jogoo hakuwa na pa kukaa, tukamweka kwenye kile chumba cha juu cha trekta, na kuanzia hapo tuliamshwa naye kila alfajiri. Nilikasirika siku ile, nakiri. Nilikuwa nimebeba aibu ya kijiji kizima kwenye bahasha, na mwenyekiti wangu anahutubia.

ENDASAK, SIKU YA KUMI. Singida tulilala, Katesh tukanywa chai kwa baba yake Shabani, na saa tano asubuhi tukawa Endasak, mahali ambapo njia ya kanisani inaacha lami. Kwa miguu ni nusu saa mpaka kwa Mzee Margwe. Tukalishusha trekta, Shabani akaliendesha mwenyewe, na mimi nikatangulia kwa miguu na bendera.

Sasa, kwetu hupiti mzee bila kumwamkia, na humwamkii huku unatembea. Unasimama, unainama kidogo, unasema shikamoo, unangoja marahaba, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, unauliza za kwake. Kwa kawaida njia ile ina wazee watatu wanne. Siku hiyo kila mzee aliyeweza kusimama alikuwa ametoka kuliona trekta, na wengine walitolewa na viti vyao. Nilisimama kwa kila mmoja. Nyuma yangu trekta nalo lilisimama, linanguruma. Mzee mmoja alinihoji kuhusu bahari mpaka mwisho wake. Shabani alichoka, akapiga honi, na kikongwe mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo anayepiga honi watu wakisalimiana ni mtoto wa nani?" Ikabidi Shabani azime injini, ashuke vidato sita, aamkie kuanzia mwanzo wa msururu. Tulifika saa nane mchana.

Shamba la Mzee Margwe ndilo lilikuwa la kwanza kwa zamu. Tulikata minyaa pembeni ili trekta liingie. Pua yake ilikuwa tayari kwenye shamba la jirani wakati mkia bado uko barabarani. Shabani alisimamisha. Watu wote wa kikundi walikuwa wamesimama pale.

"Linageukia wapi hili?" mama mmoja akauliza.

"Likitaka kugeuka liende Babati," mtu akajibu, na hakuna aliyecheka.

Hawakunitukana. Ningependa wangenitukana. Bibi Ana aliingia ndani, akatoka na jembe la mkono, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kulima palepale mbele ya lile gurudumu. Ana miaka zaidi ya sabini. Juu kileleni mawingu yalikuwa meusi, na kilichosikika kilikuwa lile jembe tu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nikamwomba jembe, akaninyima.

Shabani alinivuta pembeni. Alisema Basotu kuna mkulima wa ngano, Bwana Gidamida, mteja wa duka la baba yake, ambaye mashamba yake yamepanuka na kila akija kununua turubai analalamika kwamba vitrekta vyake viwili ni vya kuchezea. Akampigia palepale, akanipa simu.

"Lenu ni kubwa?" Bwana Gidamida aliuliza.

Neno kubwa lilikuwa limenitoka moyoni, na neno dogo nililiogopa. "Ni kitrekta kikubwa," nikasema.

"Sijaelewa."

"Usijali, bwana. Tunakuja nalo ulione."

Kabla hatujaondoka nilifanya jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya kabla ya maksai kupanda lori. Nilichukua kamba ya katani, nikapima upana wa njia ya kuingilia shambani kwa Mzee, minyaa hadi minyaa, nikaikata hapo, nikaitia mfukoni.

BASOTU, SIKU YA KUMI NA MOJA. Ukiwa Basotu unafahamu kwa nini kuna matrekta makubwa duniani. Ziwa liko upande mmoja, ng'ombe wanashuka kunywa, na upande mwingine ardhi imenyooka mpaka inachosha macho. Bwana Gidamida, mtu mrefu aliyejitanda shuka, alilizunguka trekta letu. Kisha akatupeleka kwenye banda lenye yake mawili.

"Haya ndiyo matrekta yangu," alisema kwa sauti nene. "Makubwa. Yana nguvu sana haya."

Moyo ulinishuka, mpaka banda lilipofunguliwa. Yalikuwa madogo, mepesi, ya rangi ya bluu, yamekaa kama ndama wawili. Nilitoa kamba yangu. La kwanza lilipita, likabakiza kiganja upande huu na kiganja upande ule. La pili vilevile. Nilipima mara tatu. Bwana Gidamida alidhani ni desturi ya kabila letu, akasubiri kwa heshima.

Tulikubaliana: yake mawili na majembe yake, kwa letu moja na jembe lake. Alikuwa na hamu kuliko sisi. Nikatoa bahasha niandike. Hapo Mzee Margwe akamwendea Bwana Gidamida, na ingawa yule ndiye mdogo kwa umri, akamwomba kwa adabu.

"Kabla sijakuachia, naomba nilime mstari mmoja."

Shabani alipanda naye. Aliniambia baadaye kwamba aliweka mikono yake juu ya ile ya Mzee kwa hatua chache tu za mwanzo. Jembe lilizama na udongo mweusi ukaanza kugeuka kwa upana ambao pale kwetu ungelisha nyumba tatu. Wakaenda. Wakawa wadogo. Kisha hawakuonekana kabisa, vumbi tu, na sauti ikapotea. Tulikaa na Bwana Gidamida tukanywa maziwa. Jogoo, ambaye hakuna aliyekumbuka kumshusha, alikuwa amekwenda nao.

Muda mrefu ukapita ndipo wakarudi. Mzee alishuka kidato kimoja kimoja, jogoo kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, au kwa kingine. Nilimsogelea, na hapo hasira yangu ya siku zote zile ikanitoka kwa upole kuliko nilivyotarajia.

"Mzee, kule Unguja ulijua halitaingia shambani."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Alijipangusa koti. "Katibu, tangu nizaliwe kila kitu nimegawiwa kidogo. Shamba baba aligawa kwa watoto saba. Mvua ni hivyohivyo. Siku ile nilidhani Mungu amekosea hesabu, na mara hii amekosea kwa upande wetu. Nikaona nisimkumbushe haraka."

Nikafungua bahasha, nikaandika mabadilishano.

KURUDI. Yale matrekta mawili madogo yalipanda lobedi na nafasi ikabaki. Hatukuhitaji pikapu wala bendera. Jioni hiyohiyo tulikuwa Endasak, na kesho yake alfajiri, jogoo alipowika, la kwanza liliingia kwa Mzee Margwe, minyaa haikuguswa, likageuka mwisho wa shamba kama linavyogeuka jiko la mkaa mkononi mwa mama. La pili lilianzia upande wa kanisa. Mvua ilinyesha siku ya sita baada ya hapo, na ilizikuta kaya zote zimelima isipokuwa mbili, ambazo zilimaliza kwenye tope. Binti wa Mzee aliyeolewa Endagikot alipiga simu kuuliza kama ni kweli baba yake alihutubia mkutano Manyoni. Nilimwambia ni kweli.

Nilichojifunza ni kifupi. Ukimpigia mtu simu kununua kitu, usimwulize ni kikubwa au kidogo, kwa maana kila mahali watu hukiita kitu kwa ukubwa wa adabu zao. Mwulize upana wake kwa kamba. Ile yangu bado ninayo, imening'inia msumarini karibu na bahasha ya kikundi, na mtu yeyote akisimama kikaoni na wazo jipya, huwa ninaishusha.

Lakini hicho si ninachokikumbuka zaidi. Jioni ile tuliyorudi, Bibi Ana alitutengea ugali na maziwa ya mgando. Alikuwa bado hajamsemesha mumewe tangu jana yake aliposhika jembe. Alimtazama anavyokula, na koti lenye vumbi la Basotu mpaka kwenye kola, na mwishowe akashindwa kunyamaza.

"Shabani anasema ulilima kwa lile trekta."

"Mm."

"Ulilima sana?"

Mzee Margwe alimaliza tonge, akanawa, akatazama nje kwenye kishamba chake kilichokuwa kinaingia giza.

"Kimstari kimoja tu," akasema.